China inapoinuka: tishio, fursa, au mkubwa kama wakubwa wengine?

Wiki iliyopita binti mmoja wa kidato cha tano alinifuata ofisini baada ya kipindi cha mwisho, daftari mkononi, uso umekunjamana.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Mada ya mdahalo nimeisoma mara tatu, bado sijui nisimame upande gani."

Mada tulikuwa tumeiandika ubaoni kwa chaki: Kuinuka kwa China ni tishio kwa dunia. Baba yake anauza vipuri vya pikipiki hapa Moshi mjini, na karibu kila kipuri dukani kinatoka China. Kaka yake anapeleka watalii mbugani, na hawezi kusikia habari za Wachina bila kukumbuka tembo. Kila akikaa kuandika, binti anawasikia wote wawili.

Nimefundisha historia miaka zaidi ya ishirini, na swali hili sasa nalisikia kila mahali: kijiweni kwenye kahawa, ndani ya Kosta ya Arusha, hata kwenye vikao vya harusi watu wakisubiri akidi itimie. Wengi huwa wameshachagua upande kabla hawajapima. Haya nimeyaandika kwa ambao bado wamesimama njia panda. Misimamo ninayoisikia ni mitatu: kwamba China ni tishio, kwamba ni fursa, na kwamba ni dola kubwa yenye tabia za madola makubwa yote. Nitaipitisha yote mitatu kwenye vipimo vilevile.

Vipimo kwanza

Mtu akikuambia China ni hatari, au ni rafiki wa kweli, muulize anapima kwa kitu gani. Mimi natumia vitu vinne. Cha kwanza ni silaha: nani kapigana na nani, nani kaweka jeshi wapi, nani analala na hofu. Cha pili ni mikopo na mikataba, kwa sababu nchi huchukuliwa kwa mizinga na huchukuliwa kwa kalamu pia. Cha tatu ni soko: kinachoingia dukani, kinachotoka shambani, na nani anabaki na kazi. Cha nne ni uhuru, wa mtu kusema lililo moyoni na wa nchi kuamua mambo yake.

Na kuna sharti. Kipimo utakachompimia China, umpimie na Marekani, na Urusi, na Ulaya. Sisi wa Moshi ndio watu wa mwisho wanaopaswa kulisahau sharti hili. Mwishoni mwa karne ya 19 dola iliyokuwa inainuka ilikuwa Ujerumani. Ilikuwa imeungana mwaka 1871, viwanda vyake vinakua kwa kasi, na inalalamika kwamba Waingereza na Wafaransa wameshagawana dunia bila kuibakizia. Kuinuka huko kukafika mpaka migombani kwetu. Tarehe 2 Machi 1900, Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli katika kundi la viongozi 19 wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha. Mti unaosimuliwa kuwa ndio walionyongewa bado upo. Kila mwaka nawapeleka wanafunzi pale, na kila mwaka wanaingia wakipiga kelele na kutoka kimya. Fuvu la Mangi, linaloaminika lilipelekwa Ujerumani, familia yake imelidai kwa miongo mingi.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1911, reli kutoka Tanga ikafika Moshi. Iliyoijenga ni dola hiyohiyo. Kahawa yetu ikapata njia ya kwenda pwani. Kitanzi na reli vililetwa na mkono mmoja, na ndiyo maana nikisikia watu wanasema "dola inayoinuka" huwa navitafuta vyote viwili.

Msimamo wa kwanza: China ni tishio

*Silaha.* Wanaosimama hapa huanza na Taiwan, kisiwa kinachojitawala ambacho China inadai ni chake, na Bahari ya China Kusini, na wana haki ya kuanza huko. Sheria ya China ya mwaka 2005 inaruhusu nguvu kutumika endapo Taiwan itajitenga. Mwaka 2016 mahakama ya usuluhishi ya The Hague, katika kesi iliyofunguliwa na Ufilipino, iliamua kwamba madai ya China ya haki za kihistoria juu ya sehemu kubwa ya bahari ile hayana msingi kisheria. China ikaikataa hukumu, na tangu hapo meli zake zimekuwa zikizimwagia meli za Ufilipino maji ya mabomba yenye nguvu ya kuvunja vioo. Juni 2020 askari 20 wa India waliuawa katika mapigano ya mkono kwa mkono kwenye bonde la Galwan, mpakani milimani. Mwaka 2025 vichwa vya nyuklia vya China vilikadiriwa kufika 600, na vilikuwa vikiongezeka kwa kasi kuliko vya nchi nyingine yoyote.

*Mikopo.* Mfano unaotajwa kila mara ni bandari ya Hambantota, Sri Lanka, iliyokodishwa kwa kampuni ya Kichina mwaka 2017 kwa miaka 99. Wa karibu zaidi ni wa majirani zetu. Kenya ilikopa Benki ya Exim ya China kujenga reli ya Mombasa hadi Nairobi, treni ikaanza kutembea mwaka 2017, lakini mkataba ukabaki kabatini. Ilipofika Novemba 2022 serikali mpya ikatoa sehemu yake hadharani, ndipo Wakenya wakasoma kwamba ugomvi ukitokea utaamuliwa Beijing. Na sisi tuna Bagamoyo: makubaliano ya bandari yalitiwa saini mwaka 2013, na mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa waziwazi, akisema masharti yake hayawezi kukubaliwa na mtu mwenye akili timamu. Wenye msimamo huu huuliza: je, kama asingegoma?

*Soko.* Hapa nitakaa kidogo, maana Kaskazini tunaishi kwa wanyama. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walihesabiwa karibu 109,000. Mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Meno yalikuwa yanakwenda Asia, na soko kubwa lilikuwa China. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu Yang Fenglan, raia wa China aliyeishi nchini miaka mingi na aliyebandikwa jina la Malkia wa Meno ya Tembo, kifungo cha miaka 15. Kaka wa yule binti alianza kazi ya utalii miaka ileile ya mizoga. Ukimwambia China si tishio, atakuuliza ulikuwa wapi.

Kisha kuna punda. Nenda Ngaramtoni siku ya soko uwaangalie: madumu yamefungwa ubavu huu na ubavu huu, kamba imepita chini ya tumbo, mama wa Kiarusha anatembea nyuma na fimbo asiyoitumia. Kwa mama yule punda ndiye bomba la maji, ndiye mkokoteni, na mwezi mgumu ndiye ada ya mtoto. China ngozi yake inachemshwa kutengeneza ejiao, dawa yao ya asili ambayo kipato kilipopanda kila mtu akaitaka. Biashara ya ngozi ilipopamba moto, wafugaji barani kote wakaanza kuamka asubuhi na kukuta zizi tupu. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2022, na Umoja wa Afrika ukafuata mwaka 2024. Hamu ya watu bilioni 1.4 ina nguvu kiasi hicho, hata bila jeshi na bila nia mbaya.

*Uhuru.* Agosti 2022 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti kuhusu Waislamu wa Kiuyghur wa Xinjiang, ikasema yanayotendeka huko yanaweza kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hong Kong, sheria ya usalama ya mwaka 2020 imewafunga wahariri na wanasiasa. Na Januari 2018 gazeti moja la Ufaransa liliandika kwamba kompyuta za makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, jengo ambalo China ilitupa kama zawadi mwaka 2012, zilikuwa zikituma taarifa Shanghai kila usiku. China na Umoja wa Afrika wote walikanusha.

*Unamfaa nani, na unavuja wapi.* Unamfaa mtu wa uhifadhi, mwandishi wa habari, mtetezi wa haki, na yeyote ambaye kazi yake ni kuuliza mkataba uko wapi. Unavuja pale unaposahau kwamba China ilifunga soko lake la ndani la pembe za ndovu mwishoni mwa 2017, na kwamba waliowaua tembo wetu porini walikuwa ndugu zetu wenye bunduki. Pia Hambantota haikunyang'anywa kwa kushindwa kulipa mkopo wa bandari. Sri Lanka ilikuwa imebanwa zaidi na hati fungani zilizouzwa kwa wawekezaji wa masoko ya kimataifa, ikaikodisha bandari ili ipate dola.

Msimamo wa pili: China ni fursa

*Silaha.* Vita kubwa ya mwisho ya China ilikuwa dhidi ya Vietnam, mwaka 1979. Kituo chake rasmi cha kijeshi nje ya nchi ni kimoja, Djibouti, kilichofunguliwa mwaka 2017, ilhali Marekani ina mamia. Taasisi ya SIPRI ya Sweden inakadiria kwamba mwaka 2024 Marekani ilitumia dola bilioni 997 kwa jeshi na China dola bilioni 314. Walioivamia Iraq mwaka 2003 hawakuwa Wachina. Watu wa msimamo huu hawahitaji maneno mengi kwenye kipimo hiki, takwimu zinawasemea.

*Mikopo.* Mzee yeyote wa umri wangu atakutajia TAZARA. Zambia ilikuwa imezungukwa na walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Wareno wa Angola na Msumbiji, shaba yake haina pa kupita. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi wakasema reli hiyo hailipi. China, ambayo wakati huo yenyewe ilikuwa maskini, ikatoa mkopo usio na riba. Kati ya 1970 na 1975 makumi ya maelfu ya Wachina walifanya kazi na Watanzania na Wazambia, wakapasua milima na kuvuka mabonde, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Waliofia kazini wana makaburi Gongo la Mboto, yamepangwa kwa mistari, na mabalozi wao huenda pale kuweka maua. Mjomba wangu alikuwa kibarua upande wa Mlimba. Alikuwa akisema hakuwahi kabla ya hapo kumwona mtaalamu wa kigeni akila chakula kilekile na kulala kwenye hema lilelile kama yeye.

Fadhila ile haikuwa ya upande mmoja. Tarehe 25 Oktoba 1971 Jamhuri ya Watu wa China ilipopewa kiti chake Umoja wa Mataifa, Tanzania ilikuwa mstari wa mbele, na balozi wetu alikuwa Salim Ahmed Salim. Mwaka 1981 Salim alipogombea Ukatibu Mkuu, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu raundi baada ya raundi, wakati China nayo ikimzuia Kurt Waldheim aliyekuwa akitaka kipindi cha tatu. Historia ya namna hiyo hainunuliwi dukani.

Kuhusu mtego wa madeni, wanakumbusha Entebbe. Novemba 2021 habari zilisambaa kwenye simu zetu kwamba China imechukua uwanja wa ndege wa Uganda. Haukuchukuliwa, wala leo haujachukuliwa, ingawa masharti ya mkopo ule yalikuwa magumu kwelikweli.

*Soko.* Kwa mama yangu Kidia, umeme wa gridi ulichelewa sana. Nilimfungia paneli moja ya sola ya Kichina juu ya bati, taa tatu na sehemu ya kuchajia simu. Usiku wa kwanza alikaa sebuleni mpaka saa nne akichambua maharage, kazi ambayo maisha yake yote aliifanya kabla jua halijazama. Bei ya paneli imeshuka duniani kwa sababu China inazitengeneza kwa wingi usio na mfano. Simu mkononi mwa bodaboda ni ya Kichina, na mara nyingi pikipiki nayo pia. Huwezi kumwambia kijana ambaye mtaji wake wote ni chombo hicho kwamba aliyekitengeneza ni adui wa dunia.

Upande wa mashamba, Novemba 2022, Rais Samia alipokwenda Beijing, nchi mbili zilitia saini makubaliano ya parachichi letu kuingia China. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo zenye uhusiano nayo wa kibalozi, Tanzania ikiwemo. Mwenye miche mia mbili Siha au Hai ana sababu ya kulifuatilia hilo kuliko hotuba yoyote.

*Uhuru.* Hoja yao hapa ni kwamba China haiji na orodha ya masharti ya namna ya kujitawala, na kwamba kumtoa mtu kwenye njaa ni uhuru pia. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, karibu Wachina milioni 800 wametoka kwenye umaskini uliokithiri katika miaka arobaini. Binadamu hawajawahi kuona kitu kama hicho, na mimi nikilifundisha darasani huwa nasimama kidogo ili namba iwaingie.

*Unamfaa nani, na unavuja wapi.* Unamfaa mfanyabiashara, fundi, mkulima wa kuuza nje, na kijana anayetafuta udhamini wa kusoma udaktari au uhandisi. Unavuja pale mtu anapodhani kwamba urafiki wa 1970 ndio bei ya 2025. Betri ya sola ya mama ilikufa mwezi wa saba. Fundi alipolifungua boksi tukakuta betri yenyewe ni nusu ya boksi, nafasi iliyobaki imejazwa sponji. Nikalalamika kwa mfanyabiashara mmoja ninayemfahamu anayekwenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka. Akanijibu kwa upole: "Mwalimu, kule kiwandani unaulizwa unataka daraja la kwanza, la pili au la tatu. Sponji tumeiagiza sisi." Tangu siku hiyo lawama yangu nimeigawa. Vilevile, Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa kutuma pesa, ufundi simu na uongozaji watalii. Malalamiko ya Kariakoo yalikuwa yamepanda hadi hayawezi kupuuzwa. Fursa inayofika mpaka kwenye meza ya machinga imeshakuwa kitu kingine.

Msimamo wa tatu: ni mkubwa kama wakubwa wengine

*Silaha.* Kila dola kubwa ina ua wake wa nyuma. Marekani ilitangaza wa kwake, mabara ya Amerika, tangu 1823. Urusi iliingia Ukraine kwa nguvu Februari 2022 kwa fikra hiyohiyo. China ina bahari yake. Kwa msimamo huu, tishio hupimwa kwa umbali: mvuvi wa Ufilipino ana haki ya kuogopa, mkulima wa Kibosho ana la kwake la kuogopa. La kwake ni lipi? Ni wakubwa kugombana. Vita ya Ukraine ilipoanza, mbolea ilipanda hapa mpaka watu wakapanda mahindi bila mbolea, na Serikali ikalazimika kuleta ruzuku. Vita ya Taiwan, mahali panapotengenezwa sehemu kubwa ya vipande vya kielektroniki vya hali ya juu duniani, ingetufikia kwa njia hiyohiyo, na duka la vipuri la baba wa yule binti lingekuwa la kwanza kufunga.

*Mikopo.* Tazama nani anajenga nchi hii. Reli ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ilijengwa na Waturuki. Vipande vya Mwanza–Isaka na Tabora–Kigoma wamepewa Wachina. Bwawa la Mwalimu Nyerere, megawati 2,115, ni kazi ya Wamisri. Uwanja wa Arusha wa AFCON 2027, wa watazamaji 30,000, ni wa mkandarasi wa Kichina. Na sehemu kubwa ya deni letu la nje tunadaiwa na mashirika kama Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mwenye wajenzi watatu mlangoni anaweza kuuliza bei. Zambia iliposhindwa kulipa Novemba 2020 ilikuwa inadaiwa na Wachina na ilikuwa inadaiwa na wenye hati fungani wa Magharibi pia, na kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake asamehe kwanza.

*Soko.* Hapa ni fupi. Mwaka 2025 Marekani iliifunga USAID, na kliniki nyingi barani zilizokuwa zikitegemea fedha zake kwa dawa za kufubaza virusi zikabaki zinahangaika. Waliofunga walikuwa marafiki. Mtu wa msimamo wa tatu husema: usiweke ndizi zote kwenye kichanja kimoja, awe nani mwenye kichanja.

*Uhuru.* Nchi yetu ina mazoea ya zamani kwenye hili. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu haikuwazuia walowezi wa Rhodesia waliojitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaondoka. Mwaka huohuo tulikuwa tumeshagombana na Ujerumani Magharibi, iliyotaka kutuchagulia nani awe na ubalozi kwetu. Kutofungamana kwa Mwalimu Nyerere hakukuwa kukaa kimya. Kulikuwa na gharama na gharama ililipwa.

*Unamfaa nani, na unavuja wapi.* Unamfaa anayekaa mezani: mtumishi wa wizara, kiongozi wa ushirika, mwanasheria, diwani. Huu ndio ninaoegemea mimi mwenyewe siku nyingi, kwa hiyo nitausema udhaifu wake kwa ukali kidogo. Ni rahisi kuugeuza kuwa kisingizio. Mtu akikuuliza kuhusu Wauyghur unajibu Iraq. Akikuuliza kuhusu Iraq unajibu Ukraine. Mwisho hakuna mfungwa hata mmoja uliyemtetea. Na hauna maana yoyote bila watu wanaojua kusoma mkataba wa kurasa mia tatu, na bila wananchi kuruhusiwa kuuona. Viongozi waliokusanywa pale Old Moshi mwaka 1900, wengi wao walikuwa wamejaribu kucheza na wakubwa na kuchezeana wao kwa wao. Mzungu alijua ugomvi wa kila mangi na jirani yake.

Uchague upi, kulingana na ulipo

Ukiwa mfanyabiashara unayeagiza mzigo, anza na msimamo wa pili, lakini beba swali moja la msimamo wa kwanza: nikidhulumiwa nitashtaki wapi? Agiza sampuli, ifungue, ndipo ulipe. Mteja wako ni mama wa Kidia.

Ukiwa mkulima wa parachichi au kahawa, mlango wa China ni mlango mmoja. Ulaya ni mwingine, Ghuba ni mwingine. Chama chako cha ushirika kikikuletea mkataba wa mnunuzi mmoja wa miaka kumi, usome kwa jicho la msimamo wa tatu, hata kama bei ya mwaka wa kwanza ni tamu.

Kama unaishi kwa utalii au ufugaji, usione haya kusimama kwenye msimamo wa kwanza pale panapohusu tembo, punda na kakakuona. Waambie wageni wako wa Kichina pia. Wanazidi kuja, wengi ni vijana, na nimewaona geti la Marangu wakimsikiliza mwongozaji kwa makini akieleza habari za ujangili. Marufuku ya 2017 ilitungwa na nchi yao wenyewe.

Kama una mtoto aliyepata udhamini wa kwenda kusoma China, mruhusu. Mwambie ajifunze lugha barabara, maana tunaotia saini bila kuielewa ni wengi mno. Mwambie pia kwamba kuna maswali hatayauliza akiwa kule, ayaandike moyoni aje kuyauliza nyumbani.

Kama uko kwenye baraza la halmashauri au bungeni, hisia zako kuhusu China hazina kazi pale. Ulizia riba, muda, dhamana, mahali pa kusuluhishia ugomvi, na idadi ya Watanzania watakaofundishwa kazi. Orodha hiyohiyo mpelekee Mturuki, Mmarekani na Mwarabu.

Na kama una mdahalo Ijumaa, kama yule binti, fanya nilichomwambia. Nilimwambia kabla ya kuchagua upande aende kwa watu wawili nyumbani kwao. Baba amuulize seti ya cheni ya pikipiki ilikuwa shilingi ngapi kabla ya mzigo wa China kujaa, na ni wateja wangapi wangeshindwa kuinunua leo kwa bei ile. Kaka amuulize mwaka 2014 aliona nini mbugani, na anaona nini sasa. Aandike majibu yote mawili kwenye ukurasa mmoja. Aliondoka akiwa ameshika kalamu, na jana alinirudia akaniambia baba na kaka walibishana mpaka chai ikapoa. Amechagua kupinga mada, na maswali matatu ya kwanza anayotarajia kuulizwa ameyapata kwa kaka yake.